Hakufunga

Saa tatu asubuhi, Tampere, na bado ni usiku.
Jengo letu lilikuwa kiwanda cha pamba.
Chini ya dirisha maji ya Tammerkoski yanaporomoka
bila kumwomba mtu ruhusa.

Nimeiuliza seva:
maombi mangapi yamo kwenye foleni ya pensheni za wajane?
Sifuri.
Nimeuliza tena kwa adabu, nikataja jina langu na nenosiri.
Sifuri.

Lakini juzi alipiga simu Bi Aune Saarni.
Mumewe aliendesha kreni miaka thelathini na mmoja.
Fomu niliituma Mei, akasema,
tangu Mei ninakula akiba ya mazishi yangu.
Hakulia. Alitaka tu kujua
kama jina lake nimeliandika kwa A mbili.

Nikafanya afanyavyo kila aliyekwama:
nikazima, nikawasha.
Nikapandisha toleo la Java, nikalishusha.
Nikakuta maktaba mbili zenye jina moja, ya zamani na mpya,
mafahali wawili kwenye zizi moja;
nikaitoa ya zamani,
na hitilafu arobaini zikabaki tatu,
na sifuri ikabaki sifuri.
Nikasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari
kama anayechambua mchele gizani.

Ismo wa meza ya pili akasema,
"Labda kweli ni sifuri."
Nilichomjibu si lugha ya ofisini.

Mchana, mkate wa shayiri mkononi,
nikaliona, chini kabisa ya jedwali katika mwongozo wa seva,
katika maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo:
hesabu haigusi kazi iliyofungwa na mtumiaji mwingine
mpaka mwulizaji ainue bendera ya kuziona zilizofungwa.

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa.
Hatuambiwi kwamba swali nalo lina ujinga wake.

Nikainua bendera. Neno moja, mkato mmoja.
Mia mbili na kumi na nne.

Na zote zimefungwa kwa jina moja: pkoskela.

Pentti. Tulimuaga Juni kwa keki ya stroberi,
akacheka, akaacha kikombe chake kabatini,
akaacha pia programu inayoamka kila usiku kwa jina lake:
inafungua kikao, inashika maombi, inayafunga
ili mwingine asiyaguse,
kisha inajikwaa kwenye tarehe iliyokosewa, inaanguka.
Mstari wa kuaga ameuweka mbele ya shimo.
Hakuna usiku hata mmoja ulioufikia.

Hakufunga kikao,
ndiyo maana kazi zimefungwa.
Neno lilelile, lililosahauliwa upande huu,
likakaza upande ule.

Nilitaka kumkasirikia. Nikafungua historia ya msimbo,
nikatafuta nani aliukagua, nani aliupitisha.
Herufi mbili. Za kwangu.
Ilikuwa Ijumaa, nakumbuka, jua halitaki kuzama,
na rafiki zangu walikuwa wananisubiri ziwani.

Nikauhamisha mstari wa kuaga
hadi pale ambapo hata anayeanguka lazima apite.
Kisha nikayafungua maombi, moja moja,
ingawa amri moja ingetosha kwa yote.
Nilitaka kuyaona majina.
La themanini na nane: Saarni, kwa A mbili.

Simu iliita muda mrefu.
"Ilikuwa wapi?" akauliza.
Nikatafuta jibu la kitaalamu, nikalikosa.
"Ilikuwapo," nikasema. "Sikuuliza vizuri."
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likianza kuchemka,
naye haendi kulizima.

Saa tisa. Kulikucha kidogo, sasa kunakuchwa tena.
Ismo anavaa koti, ananiuliza ngapi zimebaki.
Bendera bado iko juu.
Sifuri, nasema,
kisha nauliza mara nyingine.