Kitabuni Hamna Hodi

Jumapili, Dundee, saa kumi na giza limeshaingia.
Hidaya amefuta meza mara mbili bila kutumwa,
nikajua leo kuna jambo.
Ametandaza ramani aliyoichora nyuma ya karatasi ya ukutani
na glasi ya dadu, si zile za nyoka na ngazi:
hizi zina pande nne, nane, kumi na mbili,
na moja kubwa ya pande ishirini, rangi ya zambarau,
haiguswi na mwenye mkono wa mafuta.

Ana miaka kumi na minne. Leo yeye ndiye ulimwengu.
Upepo ni yeye, bawabu ni yeye, popo ni yeye.
Sisi tumepewa karatasi moja moja ya kujijua.

Yangu imeandikwa: Mpiganaji. Nguvu, nane.
"Nane? Mimi ninayewanyanyua wazee wa watu
kutoka kitandani hadi kitini, usiku kucha, miaka kumi na mmoja?"
"Mama, dadu ndiyo iliyosema."
Nikanyamaza. Nimezoea karatasi zinazonipunja.

Yasir ni mchawi mwenye moto mmoja tu kwa siku
na ameshaumaliza, kwa mbuzi asiye na hatia.

Baba yao ni mwizi.
Asaa, aliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli kule Wete,
aliyerudi dukani kwa miguu kurejesha shilingi mia iliyozidi,
anaishika karatasi mbali na macho, anasoma polepole:
kuvizia, kunyatia, kufungua kufuli bila ufunguo.
"Astaghfirullahi," anasema, na kutafuta miwani.

Tunashuka pangoni. Saa nzima twashuka.
Chai imepoa, radieta inagonga kama mtu aliyefungiwa.
Mwisho, mlango wa chuma, na nyuma yake
(Hidaya anashusha sauti)
joka, limelalia mali ya miji saba.
Anamgeukia babake: "Unafanya nini?"

Watu wa hapa wakimuuliza hivyo, hulitaja gari.
Leo anafikiri. Anaweka kikombe chini.
Anakunja kidole na kuigonga meza yetu.
"Hodi."

Yasir hana mbavu. "Baba! Wewe ni mwizi!"
"Mwizi, ndiyo. Lakini nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu.
Hodi," mara ya pili.

Hidaya anapekua kitabu, kurasa mia tatu:
kuna bei ya kamba, uzito wa shoka,
kuna muda wa mtu kuzama akiwa na deraya.
Hamna hodi.
Namwona anavyomtazama baba yake,
mtu agongaye milango mia na arobaini kwa siku
kutoka Lochee hadi Broughty Ferry,
aweke kifurushi kizingitini,
aupige picha mlango uliofungwa
kuwa ushahidi kwamba alifika.

"Tupa dadu," anasema.
Ikaruka, ikagonga sahani ya vileja, ikatokomea chini ya jiko.
Sote wanne magotini, simu zikimulika:
vumbi, punje ya dengu, kijiko tulichokisaka tangu Ramadhani,
na zambarau, imeegemea ukuta,
nusu tatu, nusu kumi na tisa.
"Ya sakafuni haihesabiki!" Yasir huyo.
"Haihesabiki," Asaa akakubali,
mwaminifu hata ndani ya wizi wake.

"Hodi," mara ya tatu, bado yu magotini.
Na ya tatu ikikosa jibu, tulivyolelewa sisi,
mtu hugeuka akaenda zake.

Hidaya akafunga kitabu.
Sauti aliyoitoa hakuwa ameiandaa, wala haikutisha;
ilikwaruza kidogo, kama ya mtu
asiyesemeshwa siku nyingi.
"Karibu," likasema joka. "Karibuni ndani.
Taratibu hapo, dhahabu inateleza."

"Sasa tunaiba lini?" Yasir akanong'ona.

"Salamu kwanza," akasema mwizi.