Mguu wa Kushoto

Paka wetu anaitwa Karani,
kwa lile baka jeusi juu ya sikio, kama kalamu.
Hajawahi kumkwaruza mtoto.
Kabula humvuta mkia, humvisha soksi,
naye hufumba macho, akakoroma.

Ila baba.

Baba alishuka kwenye meli ya Nansio mwezi wa tatu,
ameshikwa kwapani kama mzigo wa mtu mwingine,
nusu ya uso imelala, mguu wa kushoto haumsikii.
Siku ya nne akasema, "Nyangeta, huyu mnyama ananiwinda."
Nikacheka.
Jioni nikawa naosha kisigino chake kwa maji ya chumvi,
matundu manne, mekundu, ya kupangwa.

Mama Ngollo akaegemea jiwe
(huku Mabatini kila nyumba ina jiwe lake)
akanong'ona: paka hamwoni mtu,
huona kilichomfuata mtu.
Usiku ule sikulala, nakiri.
Mume wangu akaja na kiroba:
atamtupa mwaloni Kirumba,
ashibe matumbo ya sangara, asahau njia.
Nikamwambia ngoja. Sijui kwa nini.

Kesho yake nikalala kifudifudi,
shavu kwenye saruji, kimo cha paka,
nikamwomba baba apite.
Ndipo nikasikia:
kishh. Kishh.
Kandambili inaburuta,
na nyuma yake uzi wa pindo uliofumuka
unakimbia kama mkia wa panya.
Ningekuwa na kucha, hata mimi.

Uzi tukaukata. Mguu hatukuweza kuukata.
Basi kila alfajiri baba akapewa kopo la dagaa:
akae, asimkazie macho,
amrushie mmoja mmoja kwa mkono ule mzito.
"Nimelisha watoto saba," alinung'unika, "sasa nalisha adui."
Fimbo nilikataza.
Paka hakumbuki kosa, hukumbuka fimbo,
na nani alikuwepo ilipotua.

Daktari wa Bugando alikuwa amesema: inua goti, mzee,
mara ishirini kwa siku.
Baba alijibu kwamba yeye si mwanajeshi.

Jana nilikuwa napepeta mchele.
Karani amejilaza katikati ya mlango,
ofisi imefungwa.
Baba akafika, akasimama.
Akashika mwimo.
Akauinua ule mguu, juu, unatetemeka,
kama mtu anayevuka kijito bila kuamini mawe,
akaupitisha juu ya paka,
akautua upande wa pili.

Hakuna kishh.

Sikusema neno. Ungo ulikuwa umeinama,
mchele unamwagika miguuni pangu.
Karani akafungua jicho moja, akalifunga.

Leo asubuhi amemng'ata tena.
Kidogo tu, kidole gumba.
Na baba, badala ya kuita "huyu mnyama",
kwa mara ya kwanza amemtukana kwa jina lake.