Karatasi Zenye Joto

Duka la shangazi lina mashine mbili za fotokopi,
na moja tu inayotii.
Liko mkabala na lango la kaskazini la chuo, Lanzhou,
kati ya muuza tambi na fundi viatu.
Tangu Agosti, kila kitu cha mtihani wa kuingilia uzamili
hupita mikononi mwangu kikiwa na joto.

Waliolipia kozi huja na vitabu vya jalada jekundu:
yuan elfu tisa na mia nane,
ukumbi wa viti mia tatu,
mwalimu mwenye kipaza sauti shavuni,
na simu ya jioni: "Mbona Jumanne hukuonekana?"
Wasiolipia huja na kurasa walizoazima kwa waliolipia,
wamefunika jina la mwenyewe kwa kidole gumba.
Nawatoza sawa.

Nami nitaufanya mtihani huo.
Nina miaka ishirini na sita, shahada ya uhandisi wa maji,
na akiba ya elfu kumi na moja na ushee
ambayo shangazi anaijua hadi senti.
"Lipia," asema, akigonga muhuri. "Mkono mtupu haulambwi."
Binamu yangu Yichen, aliyelipia mara mbili na kufeli mara mbili,
asema: "Jisomee. Mle ndani nililala usingizi wa bei ghali."
Dirisha la kujiandikisha hufungwa tarehe thelathini.

Mpaka sasa, kozi yangu ni boksi la taka.
Kopi zilizotoka mshazari, zilizokunjamana,
zilizomeza nusu ya ukurasa: hizo ni zangu.
Kwa hiyo nina somo la tano bila la nne,
nina maswali yasiyo na majibu,
na jibu moja, zuri mno,
lisilojua liliulizwa nini.

Wiki iliyopita, kitabu chekundu, swali la kumi na nne,
niliona alama ya kutoa imepotea njiani.
Mstari wa tatu ipo. Wa nne haipo.
Nikakokotoa nyuma ya risiti.
Nikarudia. Nikarudia tena kwa kalamu nyingine,
kana kwamba kosa lilikuwa kwenye wino.
Mwenye kitabu, Meng Shuqin, alipofuata kopi zake
nikamwonyesha.
Akanitazama, akaitazama mashine.
"Ndivyo alivyofundisha mwalimu."
Akalipa, akaenda zake.

Siku mbili usingizi ulinipaa.
Kukosea peke yangu nimekuzoea;
nakosea, naona haya, nafuta, basi.
Lakini kupatia peke yako!
Hilo hakuna aliyenionya.
Unalibeba jibu sahihi
kama mtoto wa watu uliyemwokota sokoni:
huwezi kumwacha,
na humjui wa kumkabidhi.

Siku ya tatu Shuqin akarudi, hana cha kudurufu.
"Nilimuuliza," akasema. "Kosa la uchapaji, eti.
Akaendelea na la kumi na tano."
Akasimama pale akivuta mikono ya koti.
Mvuke wa kupasha majengo haujawashwa bado,
mji mzima unangoja Novemba.
"Na la kumi na tisa?"
"Silijui. La kumi na tisa halijawahi kutoka mshazari."

Akacheka, akakifungua kitabu juu ya mashine,
mahali penye joto, tukaegemea pande mbili.
La kumi na tisa lilitushinda wote.
Yeye aliyelipia, mimi niliyeokota,
tulishindwa mstari uleule, na nilifurahi
kuliko nilivyofurahi mwezi mzima.

Leo ni tarehe ishirini na nane.
Shangazi anauliza kama nimeamua,
na kama huyo msichana atalipia umeme.
Simjibu. Pesa ziko palepale.
Shuqin amesema atakuja saa mbili usiku,
na asiponikuta atapiga simu.

Shangazi ananung'unika, anahesabu sarafu,
anafunga droo, anavaa skafu.
Mashine hajaizima.