Daftari la Vipimo

Ukurasa wa arobaini na mbili ni wake.
Bega kumi na nne, mkono ishirini.
Kiuno nimekifuta mara sita,
mara ya saba karatasi ikatoboka.

Sikumpima mimi. Bintiye Mehwish ndiye aliyezungusha futi
nyuma ya pazia la duka langu, hapa Pangani,
nami nimeugeukia ukuta, kalamu mkononi,
naandika ninachotajiwa.
Miaka kumi na tisa nimemjua mtu kwa namba.

Aliniita Darzi.
Nikamwambia, Bi Khalida, kwetu kudarizi ni kutia nakshi,
mimi nashona tu.
Akacheka mpaka jino la dhahabu likaonekana:
"Neno letu mmelivisha maua!
Na hiyo suruali yenu, je?
Si ni shalwar iliyokonda?"

Vitambaa vilifika ndani ya masanduku ya wageni kutoka Faisalabad,
vipande vitatu vitatu, vimekunjwa kama barua,
vikinuka kafuri.
Kanzu, shalwar, mtandio.
"Usinibanie pindo. Mtu huongezeka."

Usiku wa kuandama mwezi mtaa haulali.
Wasichana wanajaa mlangoni, viganja juu
kama watu waliosalimu amri,
hina haijakauka, hawawezi kushika hata sarafu:
"Chukua mwenyewe mkobani, Darzi, mia nane, usizidishe!"
Na Mzee Inayat, mumewe, muuza spea wa Barabara ya Kirinyaga,
anangoja nje, redio sikioni.
Wiketi ikianguka huko Lahore
anakaa chini kwenye ngazi kama aliyefiwa,
na hakuna anayethubutu kumuuliza nani amekufa.

Asubuhi ya Idi, sahani:
tambi zilizopikwa kwa maziwa, lozi, zafarani,
zimefunikwa kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe.
Sahani hairudi tupu, hilo halihitaji mkalimani.
Narudisha muthokoi.
"Mahindi mmeyavua nguo," anasema,
"pilipili mkaisahau."
Lakini bakuli lilikuwa linapanguswa kwa chapati. Mehwish aliniambia.

Mwaka jana, Shaabani, akaja peke yake.
Chai aliyoniletea ilikuwa maziwa matupu, kama kawaida,
maji kwake yalikuwa ya kuogea.
Akaweka mezani bafta nyeupe.
Nikauliza, kanzu ya nani?
"Hii haishonwi, Darzi. Kata tu.
Vipande vitano. Usitie hata uzi."

Cherehani ikakaa kimya, mguu wangu juu yake.
Nikasema, bure.
Akawaka: "Tangu lini mimi na wewe tukawa na bure?"
Basi tukapatana kinyumenyume,
mimi nashusha, yeye anapandisha,
mpaka tukasimama kwenye mia mbili.
Mkasi haukujua tofauti. Ulikata vizuri sana.

Wakamlaza Kariokor, Alhamisi, baada ya Alasiri.
Nilisimama nyuma na mafundi wa gereji za mumewe wa zamani,
kofia ya kuazima kichwani,
na upepo ulipogeuka
nikasikia tena ile harufu ya masanduku.

Sahani yake ya mwisho bado iko rafuni.
Nimeloweka muthokoi mara mbili, mara mbili nikaula mwenyewe.
Juzi nimenunua pilipili, zile nyembamba za kijani
alizokuwa akizitafuna kama karanga.
Sijui Mzee Inayat anakula nini siku hizi.

Leo Mehwish kaja na binti yake, Zunaira.
Kitambaa cha bluu, cha harusi ya rafiki,
mtoto anataka mifuko, ya simu,
mama anasema shalwar haina mifuko,
wanabishana Kipunjabi, wanamalizia Kiswahili.
Nimeugeukia ukuta. Daftari wazi.

"Bega, kumi na nne."
Naandika.
"Mkono, ishirini."
Naandika.
Kiuno sikukisikia vizuri.
Nikaomba warudie.