Kujitwika

Inveta ya marehemu ilikuwa ya wati mia tatu.
Aliinunua mjini, Majengo, siku aliyouza mbuzi wawili,
akarudi Mlowa ameipakata kama kitoto.
Muuzaji alimwambia: mzee, hii inabeba nyumba.
Na kweli ilibeba.
Taa, redio, simu za majirani,
hata wale wasiotusalimia.

Mpaka ilipokuja friji.

Friji ndogo, ya mtumba, mlango una kovu.
Nilitaka kuuza juisi ya ubuyu; shule iko ng'ambo ya korongo,
na jua la mwezi wa kumi huku kwetu
halimwachii mtoto mate mdomoni.
Nikachomeka.
Friji ikaguna. Inveta ikalia pii, pii, pii.
Taa zikafumba.
Nyumba ikanyamaza,
na ukimya ule nilikuwa naujua.

Nikamwita Nehemia, mtoto wa dada yangu,
aliyesomea ufundi Dodoma,
kalamu sikioni, daftari limejaa vumbi jekundu.
"Mama mdogo, taja."

Nikataja.
Taa sita, wati tisa tisa: hamsini na nne.
Televisheni, arobaini. Redio, kumi.
Simu mbili, ishirini.
Friji, mia na ishirini.
Jumla mia mbili arobaini na nne.

"Sasa mia tatu inashindwaje?
Niliishia la saba, lakini hesabu hiyo naiweza."

Hakucheka. Akaitazama ndoo yangu pale mlangoni.
"Ukiwa kisimani, kipi kizito,
kuibeba ndoo au kujitwika?"

Kujitwika, nikasema, nani asiyejua?
Ndoo ikishatulia kichwani unatembea,
unaongea, hata kusengenya unasengenya.
Lakini kuing'oa chini!
Magoti, kiuno, shingo, pumzi.
Ndiyo maana wanawake tunangojana kisimani.

"Basi mota ya friji hujitwika kila inapoamka.
Sekunde moja, labda mbili,
inataka mara sita ya uzito wake: mia saba na ishirini.
Ongeza vilivyokwisha kuwaka.
Mia nane arobaini na nne.
Usinunue inveta ya kutembea na ndoo,
mama mdogo. Nunua ya kujitwika."

Akaandika: elfu moja,
inayostahimili elfu mbili kwa kitambo,
ya wimbi laini, si lile la ngazi ngazi
linaloichemsha mota mpaka inanuka.

Na pasi?
Pasi akaikata kwa wino mwekundu.
Ya mkaa ingalipo.
Na betri?
"Hiyo hesabu nyingine. Inveta ni shingo.
Betri ni urefu wa njia."

Sikumwambia
nani alikuwa akinitwisha.
Chedego alikuja kisimani alfajiri, miaka ishirini na miwili,
wenzake wakimcheka, mwanaume gani huyu,
naye akishika ukingo wa ndoo, ananiuliza tu,
tayari?
Tangu aondoke najaza nusu.

Nimeuza zabibu, nimeuza na kreti tupu.
Inveta mpya imetundikwa ukutani, nzito, ina feni yake.
Ile ya mia tatu sikuitupa. Iko chumbani na redio;
redio haina haja ya kutwishwa.

Jioni Nehemia akasema, haya, chomeka.
Taa zote zinawaka, televisheni inahubiri peke yake.
Friji ikavuta pumzi,
na mikono yangu, sikuituma,
ikainuka yote miwili mbele ya kifua,
viganja juu,
kama imeshika ukingo wa kitu.

Taa hazikupepesa.

"Mama mdogo," akauliza, "unafanya nini?"
Nikamwambia, funga vizuri waya wako huo,
kuku watadonoa.