Ngao ya Fleta

Alikuja wiki tatu kabla ya Krismasi,
karatasi ameihifadhi ndani ya Biblia isikunjamane.
"Mzee Mshana, nichoree hii getini.
Nyumba ya Mamba imekwisha, limebaki geti tu."
Nikafuta mikono kwa tapentaini, nikaitazama:
ngao, na juu yake kofia ya chuma isiyo na uso,
simba amesimama kwa miguu ya nyuma
kama mtoto anayeifikia sukari kabatini,
mishale mitatu, na chini utepe
wenye maneno ambayo hata yeye hakuyajua.

"Nembo ya ukoo," akasema Anaeli Fleta.
"Nimeilipia. Imetoka Uingereza."

Nina miaka thelathini na moja hapa Kiboriloni.
Nimechora ng'ombe wa bucha, jino la mganga wa meno,
Bikira Maria nyuma ya lori la ndizi.
Simba wa namna hii, bado.
Nikauliza: ukoo upi?

Akakalia ndoo ya rangi, suruali nyeupe na yote.
Fleta, akasema, kwa asili ni kazi:
mtu afungaye manyoya kwenye mkia wa mshale
ili uende ulikotumwa.
Huko kwao, zamani, mtu aliitwa kwa alichokishika.

(Kwetu Usangi pia. Mshana ni mfua chuma.
Babu alivukuta akatoa vichwa vya mishale,
na hakuna aliyemwachia simba.
Hilo sikulisema. Nilikuwa nakoroga nyekundu.)

"Na wewe lilikufikiaje?"

Babu yake, Ndetaulwa, alikuwa wa jikoni
kwa Bwana Fleta, shamba la kahawa chini ya Kibosho.
Siku ya mshahara karani aliwapanga kwa mafungu,
wa reli kule, wa Fleta huku,
na kitabuni akaandika: Ndetaulwa wa Fleta.
Mwaka wa pili wino ulipungua, au karani alichoka,
"wa" ikadondoka.
Silabi moja. Kama buni iliyoruka kikapuni,
nani ataiinamia?
Mtoto aliyezaliwa masika yale
akabatizwa kwa jina la mtu
ambaye hakupata kumwona ila kisogo,
akipanda farasi.

"Jikoni alifanya kazi gani?"
Akatazama viatu vyake.
"Alinyonyoa kuku."

Lori la saruji likapita, vumbi likatua kwenye rangi mbichi,
sikulifukuza.

Tukaja kwenye bei. Simba elfu themanini,
ana makucha mengi. Mishale kumi na tano, kumi na tano.
"Na unyoya mmoja tu, wa kuku?" akauliza, kama anatania.
Nikamwambia huo sina bei yake.
Alhamisi akapiga simu: mtoe simba.
Ijumaa: mrudishe, mama watoto anamtaka.

Nikapanda Mamba na brashi zangu, siku mbili, mvua ya vuli juu.
Simba amesimama. Mishale imekaa sawa, manyoya nimeyavuta
moja moja, kwa brashi ya nywele tatu.
Chini yake nikaandika jina kwa herufi kubwa,
na kabla ya FLETA nikaacha nafasi
ya herufi mbili.

Anaeli alidhani nimekosea kupima.
Akapunguza elfu tano.