Kicheko cha Ukutani

Kinyozini kwa Semkiwa, Barabara ya Nane, Ngamiani,
televisheni imefungiwa nondo juu kama mahabusu.
Povu limenijaa kidevuni, shavu moja limekwisha,
la pili linangoja,
na huko juu madaktari wa jeshi la watu wengine
wanapasua tumbo la mtu huku wanataniana.

Mmoja kasema neno. Ukuta ukacheka.
Si majeruhi waliocheka, wala si wauguzi:
ni watu wasioonekana, wengi, walioshiba,
wamecheka pamoja, wamenyamaza pamoja
kama waliopigiwa filimbi.

"Mzee Mntambo," kijana wa foleni akaniuliza,
"nanyi kule Kagera mlikuwa hivi?"

Hema tulikuwa nalo. La hawa lina mlango.
Letu lilikuwa na tundu upande wa mvua
na kapteni aliyelala chini ya tundu hilo,
maana ndipo mbu walipokuwa wachache.
Helikopta hatukuwa nayo.
Majeruhi waliletwa na lori la shamba la mkonge,
limetwaliwa na dereva wake na spana zake,
likinuka katani,
nami nikilinusa nilijidanganya
kwamba Tanga iko nyuma ya kile kilima.

Kicheko hatukuletewa kwenye makasha.
Tulikiunda wenyewe, kama tulivyounda machela
kwa miti miwili na makoti ya waliokwisha kuyaacha.
Fundi wake alikuwa Kidundo, Mdigo wa Moa.
Mkono mmoja karabai, mkono mmoja mguu wa mtu,
na mdomo unahadithia mkwewe alivyoteleza uani
na sinia la pilau, akaanguka chali,
asimwage hata punje.
Msumeno ukifika mfupani, mkwewe ndiyo kwanza anateleza.

Bendeji ziliisha Jumanne.
Mkobani nilikuwa na khanga aliyonitilia Mwanamkasi,
nyekundu, korosho pembeni, imeandikwa:
NILIDHANI UTARUDI MAPEMA.
Tukaichana. Sikupata nafasi ya kuihurumia.
NILIDHANI ikaenda pajani kwa kuruta wa Pangani.
MAPEMA ikamzunguka dereva kichwani,
akawa kama ubao wa basi.
UTARUDI ikamwangukia Kilua kifuani,
fundi cherehani wa Muheza, miaka ishirini na moja.

Kidundo akamsaluti: "Wewe umekatiwa tiketi, bwana.
Nauli hata hawatakuuliza."
Hema zima tukacheka. Kilua alicheka kutushinda,
mpaka neno likalowa.
Tulipotaka kuibadili akaishika kwa mikono miwili:
"Msiniondolee neno langu."

Alfajiri nikaibadili mwenyewe. Hakuishika.

Kidundo siku ile hakusema kitu mpaka saa sita,
kisha akauliza kama kuna chai.

Dereva, yule wa MAPEMA,
alifika kwao wa mwisho kikosi kizima.
NILIDHANI nakutana naye Ijumaa sokoni Mgandini,
anachechemea, anauza vitunguu, ananipunja.

Nami nilirudi.
Mwanamkasi alinitazama miguu, mikono, masikio, akahesabu,
kisha akauliza, "Na khanga yangu?"
Nikamwambia mto uliichukua.
"Kweli ni mto?"
Nikasema ni mto.
Hakuniuliza tena hadi kufa kwake.
Ila khanga hununuliwa doti,
na kipande cha pili kiko sandukuni hadi leo,
neno lote zima, linanuka karafuu.
Wanangu wanaulizana kwa nini sikitoi.

Ukuta umecheka tena. Wembe wa Semkiwa umesimama hewani.
Kijana bado ananitazama, anataka jibu.

"Hivyo hivyo," nikamwambia.
"Ila ukuta wetu ulikuwa turubai,
na waliocheka tuliwajua majina."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Nami nikacheka naye.
Semkiwa, malizia shavu hili,
povu linakauka.